Aliyoyaona Stockdale, na asiyoyasema

Mtaje James Stockdale, rubani wa zamani wa jeshi la majini la Marekani, mbele ya Mmarekani wa makamo, na huenda akaanza kwa kucheka. Atakumbuka usiku wa Oktoba 13, 1992, pale Atlanta, kwenye mdahalo wa wagombea wenza wa urais. Al Gore na Dan Quayle walikuja na majibu yao yamepigwa pasi. Mwenzao wa tatu, Stockdale, mzee wa watu, mvi kichwa kizima, akafungua kwa kujiuliza: "Mimi ni nani? Niko hapa kwa nini?" Ukumbi ukaangua kicheko. Baadaye akaomba arudiwe swali kwa kuwa kifaa chake cha masikio kilikuwa kimezimwa, na wachekeshaji wa televisheni wakapata chakula cha wiki nzima.

Sasa mtaje mbele ya vijana wanaofuata wahamasishaji mtandaoni. Hao watakuambia habari nyingine kabisa. Stockdale ni yule mfungwa wa vita vya Vietnam aliyeulizwa ni akina nani hawakutoka hai, akajibu: wenye matumaini mepesi. Walisema Krismasi tutakuwa nyumbani, Krismasi ikapita. Wakasema basi Pasaka, Pasaka nayo ikapita. Mwishowe wakafa kwa kuvunjika moyo. Kisa hiki kimepikwa kikawa somo la mauzo, la mikopo, hata la ufugaji wa kuku. Vietnam yenyewe imekamuliwa ikatupwa kama machicha ya nazi.

Picha zote mbili zinampunja, na zote zinatupitisha mbali na jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha maisha yake ya kijeshi. Kwa muda wa saa moja na nusu hivi, usiku wa Agosti 4, 1964, rubani huyu alikuwa juu ya Ghuba ya Tonkin, pwani ya Vietnam Kaskazini, akitazama chini, na hakuona kitu. Kwa sababu ya kitu hicho ambacho hakikuwepo nchi yake ilijitosa vitani, naye akaja kukaa gerezani miaka saba na nusu siri hiyo ikiwa kichwani. Nataka kuipima kazi yake kwa siri hiyo, maana hapo ndipo utii wa askari unapoonyesha sura zake zote.

Njia iliyomfikisha pale haikuwa na maajabu. Alizaliwa mwaka 1923 Abingdon, mji mdogo wa Illinois, akaingia Chuo cha Jeshi la Majini pale Annapolis, akahitimu mwaka 1946, vita vikuu vimeshakwisha. Akasomea urubani. Mwaka 1954 akapelekwa shule ya marubani wa majaribio ya Patuxent River, Maryland, pamoja na John Glenn, yule aliyekuja kuwa Mmarekani wa kwanza kuzunguka dunia angani. Stockdale alimsaidia kwenye hesabu na fizikia. Kisha akawa mtu wa F-8 Crusader, ndege ya injini moja inayopita kasi ya sauti, akafikisha zaidi ya saa elfu moja ndani yake.

Rubani wa majini ana shida moja ambayo mwenzake wa nchi kavu haijui: uwanja wake unatembea. Unapanda na kushuka na mawimbi, na ndege husimamishwa na kulabu ya mkiani inayonasa waya uliotandazwa juu ya sitaha. Usiku, bahari na mbingu zikiwa rangi moja, anayetua kwa kudhani hufa. Mtu anayeifanya kazi hiyo miaka kumi na zaidi anajifunza kutofautisha anachokiona na anachotarajia kukiona. Nalitaja hili mapema kwa makusudi.

Katikati ya safari hizo jeshi lilimpeleka Chuo Kikuu cha Stanford kusomea uhusiano wa kimataifa, akamaliza shahada ya uzamili mwaka 1962. Huko akajikuta kwenye darasa la falsafa la profesa Philip Rhinelander, na walipoagana profesa akamzawadia kijitabu cha mafundisho ya Epictetus, mtu aliyekuwa mtumwa huko Roma karne ya kwanza, mwenye mguu mbovu. Fundisho la kwanza la kijitabu hicho ni jepesi kulisema: yako mambo yaliyo mikononi mwako na yako yasiyo mikononi mwako. La kwako ni nia yako. Mali, cheo, sifa, hata mwili wako, si vyako kwa hakika. Stockdale akawa anakiweka kando ya kitanda chake melini.

Agosti 2, 1964, boti tatu za torpido za Vietnam Kaskazini ziliishambulia manowari ya Marekani Maddox mchana kweupe. Hilo lilitokea, na serikali ya Kaskazini, pale Hanoi, haikulikana. Stockdale, akiwa kamanda wa kikosi kwenye Ticonderoga, meli ya kubebea ndege, aliongoza Crusader zilizokwenda kuzifyatulia boti hizo. Siku mbili baadaye, usiku, Maddox na mwenzake Turner Joy zikapiga mbiu kwamba zinashambuliwa tena. Stockdale akaruka.

Usiku ule ulikuwa wa giza zito na hali ya hewa mbaya. Akashuka karibu na mawimbi, akafuata kila upande ambao manowari zilikuwa zikielekeza mizinga. Akatafuta boti. Akatafuta mkia wa povu. Boti iendayo kasi huacha mkia mweupe unaoonekana hata gizani, na aliyewahi kuvuka na boti ya jioni kwenda Zanzibar anajua ninachosema. Akatafuta cheche za bunduki za adui, torpido, vipande vinavyoelea. Hakupata kimoja. Baadaye alisema kilichokuwepo pale ni maji meusi na silaha za Marekani zikifyatuka.

Alirudi melini akawaambia waliomhoji kwamba hakukuwa na boti. Kepteni John Herrick, aliyeongoza zile manowari mbili, naye alituma ujumbe wa kusita: hali ya hewa huenda iliichezea rada, msikilizaji wa mitambo ya chini ya maji huenda alipaparika, hakuna mtu wa Maddox aliyeona kitu kwa macho, afadhali tukio lichunguzwe kikamilifu kabla ya hatua nyingine kuchukuliwa. Washington haikuwa na subira hiyo. Rais Lyndon Johnson alikwenda kwenye televisheni usiku huohuo kuwatangazia wananchi wake kwamba Marekani inajibu mapigo.

Stockdale akaamshwa akaambiwa ataongoza mashambulizi ya kulipiza kisasi. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliketi kitandani akauliza: kisasi cha nini? Kisha akavaa, akaruka, akaongoza ndege za Ticonderoga kwenda kuchoma matangi ya mafuta ya Vinh.

Kwenye hilo neno "kisha" ndipo ninapokwama kila nikisoma habari zake. Najua utetezi wake. Amri imetoka kwa rais. Angekataa, rubani mwingine angeongoza, mafuta ya Vinh yangeungua vilevile, na yeye angerudishwa nyumbani kwa mkewe na watoto wanne akiwa amevuliwa mabawa. Tena si kazi ya rubani kuamua nchi ipigane na nani. Yote sawa. Ila kuamua ni jambo moja na kushuhudia ni jambo lingine. Huyu alikuwa shahidi mwenye kiti cha mbele kuliko mtu yeyote duniani, na aliandika baadaye kwamba alitambua saa ileile kuwa nchi yake inaanzisha vita kwa kisingizio cha uongo. Wakubwa wake wakamwambia anyamaze. Akanyamaza.

Agosti 7 Bunge likapiga kura kumpa Johnson ruhusa ya kutumia nguvu apendavyo Kusini-Mashariki mwa Asia. Baraza la Wawakilishi: kura 416 kwa sifuri. Seneti: 88 kwa mbili, wale wawili wakiwa Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska. Ushahidi wa rubani aliyekuwa juu ya tukio haukuwa mezani.

Katika mashambulizi yaleyale ya kisasi, Luteni Everett Alvarez, kijana wa miaka 26 kutoka meli ya Constellation, alitunguliwa karibu na Hon Gai. Akawa rubani wa kwanza wa Marekani kushikwa mateka na Vietnam Kaskazini. Mwenzake wa meli hiyohiyo, Richard Sather, aliuawa. Tutarudi kwa Alvarez.

Zamu ya Stockdale ilifika Septemba 9, 1965. Sasa alikuwa kamanda wa marubani wote wa meli ya Oriskany, na siku hiyo aliendesha A-4 Skyhawk. Mizinga ya kutungulia ndege ikampata, akajirusha. Katika zile sekunde chache chini ya mwavuli alijiambia: miaka mitano huko chini, isipungue, naiacha dunia ya mitambo, naingia dunia ya Epictetus. (Angeniambia mtu mwingine ningesema kaitunga akiwa kibarazani kwake miaka ishirini baadaye. Huyu namwamini, kwa kuwa yote aliyoyafanya baada ya hapo yanafanana na maneno hayo.) Akatua kwenye barabara kuu ya mji mdogo, watu wakamrukia kwa ngumi na mateke mpaka filimbi ya askari ilipolia. Goti lilikuwa limevunjika, na mguu ule haukuwahi kukunjika sawasawa tena. Yule mtumwa kilema alikuwa amepata mwanafunzi kilema.

Sina ugomvi na watu wa mji ule. Mtu kashuka kutoka kule kule yanakotoka mabomu. Wewe ungempokea na kahawa?

Gereza alilopelekwa Hanoi linaitwa Hoa Lo, maana yake tanuri au jiko, kwa kuwa mtaa ule zamani ulikuwa wa watengeneza majiko ya udongo. Wafaransa ndio waliolijenga, mwishoni mwa karne ya 19, kuwafungia Wavietnam waliokataa kutawaliwa. Ukoloni ulipoondoka gereza lilibaki, na Wamarekani walioingizwa humo wakalibandika jina la hoteli, "Hanoi Hilton". Wazee waliosoma Mlimani, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960 walivitazama vita hivi kutoka upande wa wenye gereza. Msomaji wa Kiswahili anaweza kumhurumia mtu aliyemo ndani ya selo bila kusahau yaliyokuwa yakidondoka nje.

Tuhesabu sasa uzito wa siri. Ndani ya kichwa cha mfungwa huyu mlikuwa na kitu ambacho Hanoi ingekitangaza dunia nzima: kamanda wa Kimarekani akisema kwa mdomo wake kwamba shambulio la Agosti 4 halikutokea. Tena, tofauti na maungamo mengine yaliyokamuliwa kwa kamba mle ndani, hili lingekuwa kweli tupu. Wafungwa wenzake walipigwa ili waseme uongo. Stockdale aliishi kwa hofu ya kupigwa mpaka aseme ukweli, na kiapo chake kilimtaka aufie. Sijui askari mwingine aliyewekwa kwenye kona nyembamba namna hiyo. Na aliyemweka humo ni serikali yake.

Siri haikutoka. Namna ilivyokaa ndani ndiyo sehemu ya maisha yake ninayoiheshimu bila kusita.

Mwaka 1955, baada ya fedheha za wafungwa wa Kimarekani kwenye vita vya Korea, Rais Eisenhower alitia saini kanuni za mwenendo wa mateka: taja jina, cheo, namba na tarehe ya kuzaliwa, basi. Hoa Lo walikuwa na dawa ya hiyo "basi". Mikono hufungwa nyuma kwa kamba juu ya viwiko, ikavutwa hadi mabega yanataka kung'oka, kichwa kikasukumwa chini kuelekea miguuni, pumzi ikakatika. Hakuna aliyeishinda kamba. Stockdale hakujidai kwamba yeye aliishinda.

Hapo ndipo ukamanda wake ulipoanza kuonekana, na ni ukamanda wa aina adimu. Alikuwa ndiye mkubwa wa wafungwa wa jeshi la majini. Kamanda wa vitabuni angeagiza: afadhali kufa kuliko kutoa neno. Yeye aling'amua kuwa amri isiyotekelezeka ni sumu. Kijana anapelekwa kwenye kamba, anavunjika, anatoa kitu, anarudishwa selo akijiona msaliti. Anaona haya kuongea na wenzake. Sasa yuko peke yake, na mtu aliye peke yake ni mali ya mhojaji. Maumivu yalifungua mlango, lakini aibu ndiyo iliyokuwa ikiingia na kuchukua vitu.

Basi akatoa sheria chache ambazo binadamu anaweza kuzishika, akazifunga kwenye herufi za Kiingereza, BACK US, ili zipenye ukutani kwa wepesi. Usiinamie watu hadharani. Usiseme redioni. Usikiri jinai. Siku ya kuachiwa usiwaage kwa busu. Zile herufi mbili za mwisho, zinazosomeka pia kama neno "sisi" kwa Kiingereza, zilibeba sheria ya tano: umoja mbele, nafsi nyuma. Na nyongeza isiyokuwa na herufi: stahimili kadiri ya uwezo wako, toa kidogo iwezekanavyo, ukirudi useme ulichotoa, na utapokewa. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyookoa watu. Kila mmoja aliporudi alikuta ukuta unagongwa ukimwita.

Ukuta ulikuwa na alfabeti yake. Rubani wa jeshi la anga, Carlyle Harris, aliikumbuka kutoka kwa mkufunzi wake, akawafundisha wenzake mwaka 1965. Chora vyumba vitano kwa vitano. Mstari wa kwanza A mpaka E, wa pili F mpaka J, na kuendelea. K haimo, kazi zake zinafanywa na C. Unagonga namba ya mstari, unakaa kidogo, unagonga namba ya chumba. (Waswahili tungekwama mlangoni kabisa: K kwetu ndiyo nguzo ya nusu ya maneno, na C bila H haina ajira. Tungeitoa Q tukaendelea na maisha.) Chukua neno SISI. Mapigo manne, kituo, matatu. Mawili, kituo, manne. Halafu yote tena. Mapigo 26 kwa herufi nne. Jaribu kwenye meza yako, kwa kifundo cha kidole, ukifikiri kuna mlinzi nje anayetembea na viatu vya mpira. Kwa njia hiyo watu ambao hawajawahi kuonana uso kwa uso walijuana majina ya watoto. Walifagia ua kwa mdundo huo. Walikohoa kwa mdundo huo.

Wahojaji hawakuwa wajinga, walijua mzizi uko wapi. Oktoba 1967 wakawatenga wakorofi 11, Stockdale akiwamo, kwenye jengo dogo ambalo wafungwa walilipa jina la Alcatraz, gereza maarufu la Marekani, selo zisizo na dirisha, pingu za miguu usiku. Mmoja wao, Ron Storz, alifia utekwani. Ukijumlisha yote, Stockdale alikaa peke yake miaka minne, na miaka miwili miguu yake ilikuwa kwenye chuma.

Mwaka 1969 walitaka kumtoa mbele ya kamera, aonekane mzima. Wakampeleka kuoga, wakampa wembe ajinyoe. Mlinzi alipogeuka, Stockdale aliupitisha wembe utosini, akajikata kichwa ovyo, damu ikamtiririka usoni. Wakaona si kitu, watatafuta kofia. Kabla kofia haijafika, alichukua kigoda cha mbao akajipiga nacho usoni mpaka macho yakafumba kwa uvimbe. Hakuna filamu iliyopigwa. Ukisoma haraka utasema kichaa. Mimi naona mtu aliyekaa akapiga hesabu: uso huu wanautaka, uso huu siwezi kuwanyima, basi niwape usiofaa. Ni somo la mtumwa wa Roma, limefanyiwa mtihani kwa kigoda.

Miezi michache baadaye wakanasa kijikaratasi chake. Kamba. Akaahidiwa kwamba kesho wataendelea, na alijua kesho atataja majina. Usiku akavunja kioo cha dirisha akajikata mishipa ya vifundo vya mikono. Walinzi wakamkuta kwenye dimbwi la damu, wakamwokoa. Baada ya hapo kamba zikapungua sana kwa wafungwa wote.

Marekani wanapenda kusema damu ile ndiyo iliyokomesha mateso. Ilichangia. Ila Ho Chi Minh alifariki Septemba 2 ya mwaka huohuo, uongozi ukabadilika, na nje ya gereza kulikuwa na mwanamke ambaye ningependa atajwe kila anapotajwa mumewe.

Sybil Stockdale alibaki Coronado, California, na wana wanne. Serikali iliwaambia wake wa mateka wanyamaze, kwamba kelele zitawaumiza waume zao. Kwa siri, kwa kushirikiana na ujasusi wa jeshi la majini, alimtumia mumewe picha ya mwanamke anayedaiwa kuwa mama yake mzazi, na maneno yaliyodokeza ailoweshe. Stockdale, aliyemjua mama yake, akailowesha. Ndani mlikuwa na maelekezo ya kuandika barua kwa wino usioonekana, na kwa barua hizo Washington ikaanza kupata habari za mateso na majina ya waliomo. Bado wake waliambiwa wanyamaze. Mwaka 1968 Sybil akachoka na utii, akaenda kwa waandishi wa habari. Akawakusanya wake wenzake wakaunda umoja wa familia za mateka, na mwaka 1969 akaenda Paris kuwakabili wajumbe wa Vietnam Kaskazini ana kwa ana. Mwaka huohuo mkakati wa serikali ulibadilika, na hali gerezani ikaanza kubadilika.

Katika nyumba hiyo moja, basi, mume na mke waliambiwa neno lilelile na serikali ileile: nyamaza. Mke aliasi. Nathubutu kusema uasi wake uliokoa miili mingi zaidi.

Stockdale aliporudi hakuwa mpole kwa kila mtu. Aliwafungulia mashtaka maofisa wawili wa vyeo vya juu akidai walishirikiana na watekaji. Waziri wa jeshi la majini akayafuta mashtaka, akawapa barua za karipio. Wapo wanaoona hapo ukatili. Mimi naona yuleyule: aliyevunjika akarudi alimpokea, aliyekataa kurudi hakumsamehe. Machi 4, 1976, Rais Ford alimvalisha Nishani ya Heshima. Akaongoza chuo cha vita cha jeshi la majini, akaanzisha humo somo la falsafa ya maadili, akastaafu mwaka 1979 akiwa makamu admirali. Mdahalo wa Atlanta ulikuja miaka 13 baadaye, na mtu aliyeishi na Epictetus kiasi hicho, akiuliza yeye ni nani na yuko pale kwa nini, alikuwa akiuliza kwa dhati.

Maelezo yake kamili ya usiku wa Tonkin yalichapishwa mwaka 1984, kwenye kitabu alichoandika na Sybil. Alisema wazi: hakukuwa na boti. Lakini msimdhanie mpinga vita. Aliamini vita hivyo vingepiganwa kwa nguvu zaidi. Kilichomuudhi ni kuwatuma vijana kufa kwa sababu ambayo wakubwa walijua ina shimo.

Mimi simlaumu kwa ukimya wa Hoa Lo. Pale ukimya ulikuwa ukuta wa wenzake. Wala simlaumu sana kwa miaka ya baada ya 1973, Marekani ikiwa imeshafungasha virago. Lawama yangu iko kwenye miezi 13, kati ya Vinh na siku alipotunguliwa. Katika miezi hiyo Marekani ilianza kuishambulia Kaskazini kwa mabomu mfululizo, Machi 1965. Mwezi huohuo wanajeshi wa nchi kavu wakashuka Da Nang. Julai Johnson akatangaza kupandisha idadi yao hadi 125,000. Kila hatua ilisimama juu ya azimio lililopitishwa kwa ajili ya boti ambazo hazikuwepo, na mtu aliyejua alikuwa huru, mzima, anakula mezani na maofisa wenzake. Angesema, labda asingesikilizwa. Ndiyo, labda. Ukuta wa Marekani wenye majina ya askari waliokufa una zaidi ya 58,000, na Vietnam yenyewe inahesabu wafu wake kwa mamilioni. Labda hiyo ni ghali mno.

Mwaka 1995 Robert McNamara, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Johnson, alikwenda Hanoi akamuuliza Jenerali Vo Nguyen Giap nini kilitokea Agosti 4. Giap akajibu: hakuna kitu kabisa. Stockdale alifariki Julai 5, 2005, nyumbani Coronado. Mwishoni mwa mwaka huohuo shirika la ujasusi la Marekani linalonasa mawasiliano likafungua nyaraka zake za siri, na uchambuzi wa mwanahistoria wake mwenyewe ukaonyesha jinsi taarifa zilivyochaguliwa na kupindwa ili shambulio lionekane limetokea. Aliukosa kwa miezi.

Nirudi kwa Alvarez. Februari 12, 1973, mateka wa kundi la kwanza walitolewa Hanoi, wakapelekwa uwanja wa Gia Lam, wakapandishwa ndege kwenda Ufilipino. Walipangwa kwa tarehe ya kukamatwa, aliyetangulia kuingia atangulie kutoka. Alvarez alikuwa wa kwanza kwenye orodha, miaka minane na nusu tangu siku ya kisasi. Mkewe alikuwa ameshamtaliki na kuolewa na mwingine. Nyuma yake kwenye orodha ileile, siku ileile, akichechemea kwa mguu usiokunjika, alitoka Stockdale.